Nusu Maneno ya Mheshimiwa

Habari kwamba Mheshimiwa Mbarouk Ngwali, mwakilishi wa jimbo lao, anakuja kuhutubia Wingwi Jumamosi zilimfika Mwalimu Khairiya akiwa darasani, naye akaiweka chaki chini. Si kwamba alimwogopa. Mheshimiwa hakuwa mtu wa kuogopwa. Alikuwa mtu wa watu, haachi maziko wala harusi, na ukikutana naye njiani atakuuliza hali ya mama yako kwa jina lake. Khairiya hakuwa na ugomvi naye wowote ila mmoja: hakuweza kumsikiliza akihutubia. Na katika jimbo zima, yeye ndiye peke yake aliyekosa njia ya kutomsikiliza.

Wengine hotuba ikiwachosha huchezea simu zao, au hunong'onezana na wa jirani, au husinzia kofia ikiwafunika macho. Khairiya hakuwa na ruhusa ya hata moja katika hayo. Alikuwa mkalimani wa lugha ya alama. Kila neno lililotoka kwenye kipaza sauti lilipaswa kuingia masikioni mwake, lifikiriwe, kisha litoke mikononi mwake kwa ajili ya viziwi waliokaa safu ya mbele.

Kazi hii ilianzia nyumbani kwao. Alizaliwa Wingwi, na mdogo wake wa kumfuatia, Rahma, alizaliwa hasikii. Nyumba yao ilikuwa ya watu wengi na mazungumzo mengi. Watu wakicheka, Rahma humvuta mama yake kanga aulize kinachochekwa, na mama, aliyempenda mno mtoto yule, humpungia mkono: si kitu. Shangazi naye: si kitu, utaambiwa baadaye. Siku ilipoletwa habari kwamba mjomba wao amekufa maji huko Wambaa, nyumba nzima ililia, na Rahma alizunguka kwa kila mtu akiwashika nyuso, akiuliza. Walimkumbatia, wakampungia mkono. Si kitu. Khairiya, naye mtoto vile vile, alimchukua nyuma ya jiko akamwambia kwa alama walizozitunga wenyewe: mjomba, bahari, hayupo tena. Rahma alikaa chini akalia kama wenzake, na Khairiya akaona kwamba hata kulia kulikuwa haki ya mdogo wake waliyokuwa wakimnyima.

Alipokua alikwenda Unguja kusomea lugha ya alama yenyewe, akarudi kufundisha watoto viziwi katika skuli moja ya Konde. Ahadi aliyojiwekea ni kwamba hatamwambia kiziwi yeyote "si kitu" maadamu kuna mtu anasema.

Mumewe, Safari, aliyekuwa na duka la mbao hapo hapo Konde, alizipenda hotuba za Mheshimiwa.

"Yule bwana ana ulimi," alikuwa akisema. "Huchoki kumsikiliza."

"Weye huchoki kwa sababu husikilizi," Khairiya alimjibu. "Unaitikia tu."

Jumamosi hiyo watu wa Wingwi walikuwa na jambo moja. Mvua za masika zilikuwa zimelichukua kalvati lililopitisha maji chini ya njia ya kwenda Konde, likabaki shimo, na pembeni yake kipande cha njia kisichozidi upana wa mkeka. Gari hazipiti. Rahma, ambaye alikaa katika nyumba ya wazee wao na kufuga ng'ombe wa maziwa, alikuwa akibeba madumu kichwani mpaka ng'ambo ya shimo kusubiri gari, na siku nyingine maziwa huchachia hapo hapo. Wanaokwenda kwa miguu, bodaboda na ng'ombe wote walibanana katika kile kipande. Haroub, seremala kiziwi, alipita hapo, na pikipiki ikaja nyuma yake. Dereva alipiga honi, akapiga tena, kisha akamgonga. Haroub akavunjika mkono wa kulia. Kwa seremala asiyesikia, mkono ni riziki na ni ulimi pia. Muda wote uliokuwa umefungwa plasta alizungumza kwa taabu, kama mwenye kigugumizi.

Kwa hiyo viziwi wa Wingwi walikuja mkutanoni mapema, wakakaa mbele, na Rahma akamwambia dada yake kwa mikono: "Sitaki mengine. Nataka kujua kalvati litajengwa au halitajengwa."

Mheshimiwa akakamata kipaza sauti.

"Asalaam alaykum."

Watu wakaitikia. Akatega mkono sikioni.

"Hamjala leo? Asalaam alaykum."

Wakaitikia kwa nguvu zaidi. Akataka na ya tatu. Kisha akaanza itifaki: akamtaja sheha wa kijiji, akamtaja aliyekuwa sheha, akawataja maimamu wa misikiti, akamtaja mwenye jenereta. Kisha akasimulia alivyoamka asubuhi, akanywa chai, akamwambia mkewe leo nakwenda kwa watu wangu wa Wingwi, na mkewe akamjibu nini. Sauti yake ilikuwa na namna ya kuanzia chini, karibu na kunong'ona, mpaka watu wainamishe vichwa mbele, halafu inapasuka ghafla hadi vipaza sauti vinalia. Khairiya kila mara alishtuka mabega. Na alijijua kwamba atashtuka tena, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Kisha ikaja ile namna yake yenyewe.

"Barabara hii, ndugu zangu, mimi Mbarouk, Mbarouk huyu huyu mumuonaye, nasema itawekwa la...?"

"Mi," uwanja ukaitikia.

"Itawekwa la...?"

"Mi."

"Sijasikia."

Hapo ndipo Khairiya alipokuwa akitamani kuteremka jukwaani. Lugha ya alama haina nusu neno. Lami ama umeisema ama hujaisema. Akiitia alama, amemtangulia msemaji. Asipoitia, viziwi wanaona watu elfu wanafungua vinywa na wao hawajui kwa nini. Alivyofunzwa ni kungoja maana ikamilike, kisha aitoe maana. Basi alingoja. Ilipita robo ya hotuba akiwa ametoa "barabara". Ikaja "mchakato uko mbioni", akaonyesha mikono inayokwenda mbele, ikaenda, ikaenda, haikufika popote. Ikaja "kama nilivyokwisha kusema", akapekua kichwani mwake kutafuta kilichokwisha kusemwa, asikione.

Rahma alikuwa akimtazama Mheshimiwa mdomo, kisha anamtazama dada yake mikono, kisha anarudi kwa mdomo. Mdomo ulikuwa ukienda mbio. Mikono ilikuwa imesimama.

Mkutano ulipovunjika walirudi nyumbani kwa Rahma. Khairiya alikuwa na kichwa kinachogonga. Kabla hajakaa vizuri, Rahma akamsimamia mbele.

"Umenificha maneno."

"Sikukuficha."

"Yule mtu amesema tangu jua liko pale mpaka likafika huku. Wenzangu wote wamecheka, wamepiga makofi. Umenipa barabara, umenipa lami, basi. Mengine yako wapi?"

"Hakusema mengine."

"Alisema nini basi, muda wote ule?"

Khairiya aliinua mikono ajibu, na mikono yenyewe ikaanza kupunga, alama ambayo hajawahi kuifanya mbele ya kiziwi tangu awe mtu mzima. Aliizuia katikati. Rahma aliiona. Aliijua alama ile kuliko alivyolijua jina lake.

"Na weye," Rahma akasema, "umekuwa kama wao." Akatoka kwenda kukama ng'ombe, na jioni ile hakumtazama tena dada yake usoni, jambo ambalo baina ya wasiosikia ni sawa na kumfungia mtu mlango.

Khairiya alirudi Konde na hasira iliyokosa pa kutua. Kumkasirikia Rahma hakuweza. Kumkasirikia Mheshimiwa alimkasirikia kila siku, lakini Mheshimiwa hakuwa na habari. Alimwambia Safari, na Safari akamwona anakuza mambo.

"Si ungewatilia chochote? Waambie anawapenda, anawasalimu. Watafurahi."

"Niwatungie hotuba, miye?"

"Kidogo tu."

Khairiya akavuta madaftari ya wanafunzi akaanza kusahihisha. Lakini lile neno lilimkaa, na likamkaa kwa kinyume. Kama hawezi kutunga, na hawezi kusema si kitu, basi imebaki njia moja. Mheshimiwa alipohutubia tena, safari hii Konde, karibu na soko, Khairiya alipanda jukwaani akiwa ameamua kuwapa viziwi kila kitu, bila kuchuja hata chembe.

Aliwapa salamu zote tatu na mkono sikioni. Aliwapa "hamjala leo?". Aliwapa sheha, imamu na mwenye jenereta. Alipofika kwenye nusu maneno hakungoja tena: alianza alama ya lami, akaikata katikati mkono ukiwa hewani, akageukia umati, akangoja, akaimalizia umati ulipoitikia. Na Mheshimiwa aliposema "sijasikia", akawapa na hilo: mimi, kusikia, hapana.

Haroub, ambaye plasta ilikuwa imetolewa, aliinua mkono wake mwembamba.

"Na yeye ni kiziwi?"

Aliuliza kwa dhati kabisa. Rahma akageuka kumtazama, kisha akamtazama Mheshimiwa aliyekuwa bado ameinama na mkono sikioni, na kicheko kikamtoka, kile cha viziwi kisichojua sauti yake ina ukubwa gani. Safu nzima ikacheka. Khairiya, mikono ikimuuma mpaka mabegani, alijiuma mdomo.

Mheshimiwa alisikia kicheko, akaona kinakotoka, na uso wote ukamng'ara.

"Mnaona? Leo hata ndugu zetu viziwi wameni-si...?"

"Kia," umati ukaitikia, na makofi yakapigwa.

Ilibidi Khairiya alitoe na hilo. Rahma hakucheka tena. Alimtazama dada yake kwa muda, kisha akasema taratibu kwa mikono chini ya kifua, watu wengine wasione: "Nimefahamu sasa. Hukunificha kitu. Niwie radhi."

Ilikuwa radhi tamu, lakini kalvati lilibaki pale pale.

Baada ya mkutano alikuja Jaribu, msaidizi wa Mheshimiwa, kijana mtaratibu mwenye simu mbili, akasema Mwalimu anaitwa. Mheshimiwa alikuwa amekaa barazani kwa mwenyeji wake, kofia magotini, anakunywa kahawa. Alionekana mtu aliyechoka.

"Karibu, Mwalimu. Mama hajambo? Bi Kazija?"

"Hajambo, alhamdulillahi." Bi Kazija alikuwa mama mkwe wake, mzazi wa Safari. Hakushangaa kwamba amelikumbuka jina.

"Nilikuwa nataka nikwambie ahsante. Wale ndugu zetu leo wamefurahi mno. Ningependa uwe nami kila mkutano."

Khairiya alikuwa amejitayarisha kukataa kwa adabu, lakini kilichomtoka ni kingine.

"Mheshimiwa, wao wanauliza jambo moja tu. Kalvati la Wingwi litajengwa au halitajengwa?"

Mheshimiwa akaweka kikombe chini.

"Mwaka huu, halijengwi. Niliomba, nikakataliwa. Nimeambiwa niombe tena mwakani, na sina hakika."

Alisema hivyo tu, kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani yake. Maneno yalikuwa mazima, kila moja na mwisho wake. Khairiya alikuwa ameshaamini kwamba yule mtu hajui kusema, na kwa asiyejua mtu huwa na huruma kidogo. Sasa ilimdhihirikia kwamba anajua, na huruma ile ikamtoka.

"Kwa nini usiwaambie watu hivyo?"

"Watu wanatoka mbali kuja kunisikiliza. Nikisema hivyo nitakuwa nimemaliza, na wao watarudi na nini?"

"Watarudi na jawabu."

Akatabasamu kama anayetabasamia mtoto. "Watu hawapandi gari kuja kusikia hapana, Mwalimu. Wanakuja kupumua kidogo. Miye nawapa wapumue."

"Basi nipe ruhusa niwaambie viziwi haya uliyoniambia sasa."

Jaribu akakohoa. Mheshimiwa alitazama kahawa yake, akafikiri. Si mtu mbaya. Hilo Khairiya hakuwahi kulikana.

"Waambie," akasema. "Lakini wasitangaze."

Rahma na Haroub walikuwa wakimsubiri kando ya soko. Aliwaambia pale pale, amesimama: mwaka huu hapana, aliomba, akakataliwa, mwakani ataomba, hana hakika. Haroub akarudisha alama zile kwa mkono wake mwembamba kuhakikisha kwamba hajakosea. Rahma aliuliza kama ndiyo yote, akaambiwa ndiyo yote.

"Basi tufanye wenyewe," akasema, kama mtu aliyepunguziwa mzigo.

Wakafanya. Rahma alikuwa na minazi mikongwe isiyozaa tena mpakani mwa shamba lake, ikaangushwa. Haroub akachonga magogo, wenziwe wakachimba ukingo na kupanga mawe. Majirani wenye kusikia walipita wakiwatazama kwa huruma.

"Mnajichosha bure," walisema, wakionyesha kwa mikono kadiri walivyoweza. "Lami iko njiani."

Safari naye alisema hivyo hivyo, Khairiya alipomwomba mbao za kutandika juu ya magogo.

"Mbao zangu zikatupwe hapo, na kesho kutwa linakuja greda? Yule bwana amesema."

"Amesema nini? Nitajie maneno yake."

"Si kasema itawekwa lami."

"Hakusema lami hata siku moja. Miye ndiye niliyekuwa nikiyachukua maneno yake, nayajua. Yeye alisema 'la'. Hiyo 'mi' mlisema nyiye."

Safari alikaa kwenye rundo la mbao akirudisha hotuba kichwani, midomo ikimchezacheza. Khairiya alimwacha. Alasiri mbao zilipakiwa kwenye gari na Safari akazisindikiza mwenyewe.

Daraja lile la magogo liliposimama, gari zikarudi kupita, na maziwa ya Rahma yakawa yanafika Konde yangali mazima. Mheshimiwa naye akaja kulitazama, na vipaza sauti vyake, na umati.

"Daraja hili, ndugu zangu, ni matunda ya uongozi wa na...?"

"Ni," wakaitikia baadhi, wakachanganyikiwa, na wengine wakalitaja jina lake zima.

Khairiya alilitoa lilivyo. Rahma akasimama mahali pake, akainua mkono, na akaanza kusema, na Khairiya ikawa zamu yake kuyatia sauti maneno ya mikono.

"Ndugu yangu anauliza: minazi hii Mheshimiwa uliikata katika shamba lipi?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Mheshimiwa aliinua kipaza sauti, akatabasamu.

"Hilo ni swali zu...?"

"Ri," uwanja ukaitikia kwa furaha, kama waliofunguliwa kamba, na yeye akaendelea na jambo jingine. Rahma alibaki amesimama, anangoja. Khairiya akamwambia: "Amesema ni swali zuri." Rahma aliendelea kungoja yanayofuata, mpaka alipoona mikono ya dada yake imeteremka, ndipo akakaa.

Siku ile ile Khairiya alimwambia Jaribu kwamba majukwaani harudi. Mheshimiwa akitaka kuzungumza na viziwi, aje akae nao kwenye mkeka, bila kipaza sauti, kama alivyokaa siku ile na kikombe cha kahawa, na yeye atakuja hata kwa miguu. Jaribu alisema atalifikisha.

Alilifikisha kweli. Mheshimiwa alikuja kwa Rahma siku moja, akavua viatu, akakaa. Alisema yepi yamo katika bajeti na yepi hayamo. Aliulizwa kuhusu mkalimani wa kituo cha afya, akasema hajui, atauliza. Haroub alimtania, akacheka. Khairiya aliifanya kazi yake bila kuumwa kichwa, na alipomsindikiza mpaka kwenye gari alikuwa karibu kumpenda.

"Nitakuja tena mwezi ujao," Mheshimiwa alisema, na akalisema neno zima.

Hajaja mpaka leo. Mikutano yake inaendelea, watu wanajaa, na anapohutubia Konde sauti inafika mpaka darasani kwa Khairiya. Wanafunzi wake hawaisikii. Yeye hufunga madirisha upande wa sokoni, joto liwe joto, akaendelea na somo, na bado kila nusu neno linapopigwa mabega yake hushtuka.